Mwamuzi asiye na upande

Katika lugha yetu, kitenzi amua kina maana mbili zilizo jirani: kutoa hukumu, na kuwatenganisha wawili wanaopigana. Leo ningependa kumsimulia msomaji habari za mtu aliyempa mwamuzi kazi ya tatu, nayo ni kuwa macho na masikio ya wachezaji. Mtu huyo ni Georg Heinrich Rudolf Johann von Reiswitz, ofisa wa mizinga katika jeshi la Prussia. Wanahistoria wa vita wanamfahamu sana. Sisi walimu hatumfahamu, ilhali ndio tunaostahili kumfahamu zaidi.

Alizaliwa mwaka 1794. Mchezo wenyewe aliurithi kwa babake, Georg Leopold, ambaye mwaka 1812 alimtunukia Mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya mchezo wa vita iliyokuwa na vigae vilivyofinyangwa kwa mfano wa vilima na mito. Michezo ya vita haikuwa jambo geni wakati huo. Hata hivyo, mingi ilifuata mkondo wa sataranji: ubao wenye miraba, kila mchezaji akiziona kete zote za mwenzake. Ni nani asiyejua kwamba vitani adui haonekani hivyo?

Mwana aliiacha meza ya babake, akatumia ramani ya kipimo cha 1 kwa 8,000. Vipande vidogo vya rangi nyekundu na samawati viliwakilisha vikosi. Kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita, na hasara ikakadiriwa kwa dadu na kwa majedwali yaliyotegemea uwezo halisi wa silaha za siku zile. Kanuni hizo alizichapisha mwaka 1824.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, jambo kubwa alilolibuni ni kazi ya mwamuzi. Mchezaji hakusogeza vikosi apendavyo. Aliandika amri na kumkabidhi mwamuzi. Mwamuzi aliisoma, akaitekeleza jinsi ambavyo askari wangeielewa, kisha akaweka juu ya ramani yale tu ambayo vikosi vingeweza kuyaona. Mimi ni mwanaisimu, na hapa ndipo Reiswitz anaponivutia zaidi. Katika mchezo wake, lugha ndiyo iliyokuwa nyenzo ya kutenda. Amri yenye utata ilizaa mwendo wenye utata, na aliyeiandika aliyavuna matokeo yake bila kukaripiwa na mtu.

Mwanamfalme Wilhelm, aliyekuja kuwa Kaizari wa Ujerumani, aliupenda mchezo huo na kuupigia debe. Jenerali Karl von Müffling, mkuu wa maofisa waliopanga vita vya Prussia, aliutazama kwanza kwa shaka, lakini kabla haujamalizika alikuwa ameshawishika. Mfalme naye akaagiza usambazwe katika vikosi vya jeshi lake.

Wahenga walituambia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Reiswitz alicheza kwao, lakini tunzo hakuiona. Alipandishwa cheo kuwa kapteni, kisha akahamishiwa Torgau, mbali na Berlin, uhamisho alioupokea kama adhabu. Mwaka 1827 alijiua, akiwa bado kijana.

Kazi yake haikufa naye. Kadiri miaka ilivyopita, wengi walilalamika kwamba majedwali yalikuwa mengi na yaliuchelewesha mchezo. Mwaka 1876, Julius von Verdy du Vernois alipendekeza kanuni nyingi ziondolewe, na hukumu iachiwe mwamuzi mwenye uzoefu. Mwaka 1880, Charles Totten, ofisa wa jeshi la Marekani, alichapisha kitabu cha mchezo wa vita kiitwacho Strategos, ambacho pia kilimpa mwamuzi mamlaka makubwa. Kitabu hicho kilikuja kufufuliwa na wachezaji wa Minnesota katika miaka ya 1960, akiwamo David Wesely. Dave Arneson, mmoja wa wenzake, alishirikiana na Gary Gygax kuunda Dungeons & Dragons, mchezo uliochapishwa mwaka 1974. Humo kila mchezaji huigiza mhusika mmoja, na msimamizi wa mchezo huieleza dunia wanamopita. Msimamizi huyo ni mjukuu wa mwamuzi wa Reiswitz.

Mzozo wa majedwali na hukumu unatuhusu sisi tushikao chaki. Mwongozo wa kusahihisha mtihani ni jedwali letu. Unamlinda mwanafunzi dhidi ya mwalimu mwenye chuki au upendeleo, na hilo si jambo dogo. Lakini mwanafunzi anapoandika insha nzuri kwa njia ambayo mwongozo haukuitarajia, jedwali hunyamaza. Hapo anahitajika mtu wa kuamua. Wapo wanaodai kwamba mwalimu haaminiki, hivyo afungwe na mwongozo mkono na mguu. Siafiki. Verdy hakusema kwamba yeyote anaweza kuamua. Alimtaka mtu aliyeijua kazi kwa kuifanya. Dawa ya hukumu mbovu ni kumwelimisha mwamuzi, wala si kumwondoa.

Isitoshe, mwamuzi wa Reiswitz anajua mengi kuliko wachezaji wote, lakini hatumii ujuzi huo kumshinda yeyote. Hana kikosi chake kwenye ramani. Mwalimu anayefurahia kumnasa mwanafunzi amejitwalia kikosi. Anayemnong'onezea jibu kipenzi chake amejitwalia kikosi vilevile. Wote wawili wameuharibu mchezo. Mwanafunzi anayeandika jambo lisiloeleweka na arudishiwe kile hasa alichokiandika, aone mwenyewe kimemfikisha wapi, kisha apewe karatasi nyingine aandike upya.