Wilhelm Peters na Samaki wa Majina Matatu

Bila shaka umewahi kumwona gapi. Ni yule samaki mdogo wa mapambo, dume lake lina urefu wa sentimita 3 hivi na mkia wa rangi kemkem. Wengi hudhani jina hilo ni la mtu aliyemtambulisha kwanza katika sayansi. La hasha! Aliyemtangulia ni Wilhelm Peters, na haki yake ilichelewa sana.

Wenzangu mnaosoma Historia, tafadhali msimchanganye na Carl Peters, yule wa mikataba ya hila ya mwaka 1884. Huyu wangu alizaliwa mwaka 1815 huko Koldenbüttel, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Alisomea udaktari, lakini moyo wake ulikuwa kwa wanyama. Mwaka 1842 alifunga safari ya Msumbiji kupitia Angola. Alizunguka pwani na bonde la mto Zambezi kwa miaka kadhaa, akikusanya nyoka, vyura, ndege, wadudu na samaki wa mtoni. (Sidhani aliwavua wote kwa mikono yake!) Kuandika habari za safari hiyo kulimchukua miaka thelathini, toka 1852 hadi 1882. Perege wa Msumbiji, jamaa wa ngege tunayemla hapa kwetu, alipewa jina la kisayansi na Peters mwaka huo wa 1852.

Jambo lililonifurahisha kama mwanachama wa Kiswahili ni kwamba aliandika pia maneno ya lugha za watu aliokutana nao, toka Inhambane hadi Rasi ya Delgado na Anjouan. Mtaalamu Wilhelm Bleek aliyapanga maneno hayo akayachapisha London mwaka 1856. Mtu wa vyura na nyoka, kumbe masikio yake yalikuwa wazi!

Lichtenstein, mkuu wa jumba la wanyama la Berlin, alipofariki mwaka 1857, Peters alishika nafasi yake. Huko Berlin ndiko alikopata samaki wadogo kutoka Caracas, Venezuela. Mwaka 1859 aliandika sifa zao na kuwaita Poecilia reticulata. Kazi ikaisha, au ndivyo ungefikiri.

Hapo ndipo kitumbua kilipoingia mchanga. Mwaka 1861 Mwitaliano Filippo de Filippi alipata samaki kutoka Barbados, akawapa jina lingine kabisa, Lebistes poecilioides. Mwaka 1866 Albert Günther wa London naye alipokea samaki kutoka Trinidad. Aliyewatuma ni Robert John Lechmere Guppy, mtu wa mambo ya elimu aliyekuja kuwa mkaguzi wa shule kisiwani humo. Günther akamheshimu kwa kuwaita Girardinus guppii. Basi samaki mmoja akawa na majina matatu, kama mtu mwenye vitambulisho vitatu.

Lakini tusiwacheke. Gapi anababaisha kwelikweli. Jike ni kubwa kuliko dume na rangi yake ni ya kijivujivu tu. Dume ni dogo na lina madoadoa, na ni vigumu kupata madume mawili yanayofanana. Ukiwatia kwenye spiriti, rangi hupotea. Sasa mtu wa Berlin, wa Italia na wa London, kila mmoja na chupa yake, wangejuaje?

Aliyefumbua fumbo ni Charles Tate Regan wa London mwaka 1913, alipokuwa akiwapanga upya samaki wa ukoo huo. Hakutegemea rangi. Aliangalia hasa pezi la chini la dume, ambalo hugeuka kuwa kama kijiti cha kupitishia mbegu, kwa maana gapi hazai mayai bali huzaa watoto hai. Akaona samaki wa Caracas, wa Barbados na wa Trinidad ni spishi moja. Kanuni ya wanasayansi ni kwamba jina lililochapishwa kwanza ndilo hushika, hata kama la pili ni tamu zaidi. Kwa hiyo guppii likaanguka, reticulata likarudi. Jina la mbele lilibaki Lebistes la de Filippi.

Peters hakuyaona hayo. Alifariki Berlin mwaka 1883, akiwa ametaja mamia ya spishi mpya. Guppy ndiye aliyekuwa hai bado. Alifariki mwaka 1916. Mwaka 1963 Rosen na Bailey walimrudisha samaki huyu chini ya Poecilia, na tangu hapo vitabu humwandika Poecilia reticulata Peters, 1859, vilevile kama alivyoandika mwenyewe. Wauzaji wa samaki nao wanaendelea kumwita gapi.