Kanoni Awori na Kazi za Wanawe

Tukitajiwa Funyula, wengi wetu humkumbuka Moody Awori, aliyekuwa Makamu wa Rais kuanzia mwaka 2003. Baba yake hupitwa haraka, jambo ambalo kwa maoni yangu si haki.

Jeremiah Musungu Awori, Msamia, alikuwa miongoni mwa makasisi wa mwanzo Waafrika wa Kianglikana katika Afrika Mashariki, akafikia cheo cha kanoni. Mkewe Mariamu alikuwa muuguzi na mwalimu wa jamii. Hivyo katika nyumba hiyo ibada haikungoja Jumapili.

Walijaliwa watoto 17. Wycliffe alihariri gazeti la Radio Posta. Hannington, mwenye jina la askofu aliyeuawa Busoga mwaka 1885, akawa mhandisi. Nelson akawa daktari mpasuaji. Aggrey akawa mbunge na waziri ng'ambo ya mpaka, Uganda. Mary naye akasomeshwa, zama ambazo wazazi wengi waliona jiko lamtosha binti. Aliingia kazi ya benki, kisha akaanzisha shule.

Na Moody, alipokabidhiwa magereza mwaka 2003, aliwapatia wafungwa magodoro.