Alitii hata baada ya kuzika mke na mtoto

Ni rahisi kumwitikia Mungu wakati mambo yananyooka. Mtihani huja pale utii unapotugharimu tunachokipenda. Maisha ya Johann Ludwig Krapf yanatufundisha hilo.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, Ujerumani, katika familia ya mkulima. Aliitika wito wa umisionari angali kijana, na mwaka 1837 akafika Ethiopia akitumwa na chama cha CMS cha Uingereza. Alitamani kuwapelekea Waoromo Injili, lakini mlango ukafungwa. Huko huko, yeye na mkewe Rosine wakampoteza mtoto wao wa kwanza.

Wengi wetu tungesema yatosha, turudi nyumbani. Wao walishuka pwani, na mwezi Mei 1844 wakaanza kuishi Mombasa. Julai, Rosine alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akafariki. Krapf naye alikuwa hoi kwa homa. Siku chache baadaye kichanga kikamfuata mama yake. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Tusilipite jambo hili haraka. Mtu huyu alikuwa na miaka 34, mgonjwa, mgane, mbali na kwao. Kama angefunga mizigo, nani angemlaumu?

Krapf alilia, kisha akarudi mezani. Mwezi Juni alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na kazi hiyo hakuiacha. Aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni dalili kuwa kazi imeanza, wala si mwisho wake. Mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann alifika, wakafungua kituo Rabai.

Hata hapo mavuno hayakuja upesi. Miaka ilipita kabla ya kumpata muumini wa kwanza, Mringe, mlemavu ambaye hakuwa na cheo chochote. Hatimaye afya mbovu ilimrudisha Krapf Ujerumani. Alifariki Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa kaburini.

Leo tunapofungua Biblia ya Kiswahili kanisani, tunakula matunda ya mti ambao Krapf alikuwa miongoni mwa wapandaji wake wa kwanza. Kama Abrahamu, alitoka bila kujua aendako. Utii haukumkinga na machozi, na mengi aliyoyatamani hakuyaona kwa macho yake.

Nawe, Mungu anakuomba nini wiki hii? Pengine ni kumsamehe ndugu mliyegombania shamba la urithi. Pengine ni kukataa hongo huku karo ya watoto inadaiwa. Pengine ni kuendelea kumuuguza mzazi ambaye hakutambui tena. Usisubiri mpaka moyo uache kuuma ndipo utii. Krapf alitii ukiwa bado unauma. Mungu hatudai mavuno, maana hayo ni yake. Anatudai hatua ya leo.

Tuombe: Ee Bwana, tunapolia, tushike mkono ili tusiiache kazi uliyotupa. Amina.