Claude Bernard na Siri ya Kongosho

Sote tunakula pilau na nyama yenye mafuta. Tunajua pia kuwa mafuta na maji havichanganyiki. Sahani ya pilau haitakati kwa maji matupu. Basi mafuta tunayoyala huingiaje katika damu? Aliyetufungulia mlango wa jibu hilo ni tabibu wa Kifaransa, Claude Bernard.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, mtoto wa mkulima wa mizabibu. Ujanani alifanya kazi katika duka la dawa huko Lyon, huku akiandika michezo ya kuigiza. Mwaka 1834 aliupeleka mchezo wake Paris, na mhakiki mmoja akamshauri asome utabibu. Akaikubali nasaha. Hata huko hakung'ara. Mwaka 1844 alishindwa mtihani wa ualimu wa chuo. Lakini alikuwa na jicho la kutazama.

Mwaka 1846 aliwapasua sungura aliowalisha nyama. Aliona mishipa midogo ya utumbo imejaa maji meupe kama maziwa, yaani mafuta. Weupe huo haukuanzia pale nyongo inapoingia utumboni, bali chini zaidi, penye mfereji wa kongosho. Wengi wangelipita jambo hilo. Yeye aliyachukua maji ya kongosho, akayachanganya na mafuta, akaona mafuta yanavunjika.

Leo tunajua kuwa nyongo nayo inahitajika. Huyatawanya mafuta yawe matone madogo mno, kama sabuni ifanyavyo kwenye sahani. Kisha kimeng'enya cha kongosho kiitwacho lipasi huyavunja, nayo hupenya ukuta wa utumbo, huungwa tena, na hupita katika mishipa ya limfu hadi kwenye damu. Ndiyo maana mwenye maradhi ya kongosho aweza kukonda ingawa anakula. Mafuta hutoka na choo.

Elimu hiyo ilikuwa na gharama. Bernard alipasua wanyama walio hai. Mkewe alichukizwa na jambo hilo, na mwaka 1869 wakatengana. Nasi tuliofundishwa kuwahurumia wanyama hatuwezi kulinyamazia.

Alifariki tarehe 10 Februari 1878, na Ufaransa ikamzika kwa heshima za kitaifa, mwanasayansi wa kwanza nchini humo kupewa heshima hiyo. Basi, mwanafunzi mwenzetu, ukianguka mtihani usikate tamaa. Tazama vizuri, kisha uliza kwa nini.