Jon Postel, mtu mwenye aligawa namba za milango ya intaneti

Kila ordinateri iko na milango 65.536. Haionekani kwa macho, ni namba tu, lakini barua-pepe inapita kwa mmoja na ukurasa wa intaneti kwa mwingine. Programu mbili zikigombania mlango mmoja ni kama mama wawili kwa meza moja pale soko ya Kadutu: lazima mmoja ataondoka.

Mwenye aligawa hizo namba ni Mmarekani Jon Postel, mzaliwa wa Altadena, California, mwaka wa 1943. Alikuwa mwanafunzi kwenye chuo kikuu cha UCLA wakati mtandao wa kwanza, ARPANET, ulianza mwaka wa 1969. Mwaka wa 1972 aliandika kwamba inafaa mtu mmoja achunge orodha ya namba, na akajitolea yeye mwenyewe. Barua-pepe ilipata 25, kurasa za intaneti 80, na zile zenye kulindwa kwa siri 443.

Alikuwa na ndevu ndefu na alipenda kuvaa sandali. Hakuwa na askari wala sheria. Watu walimufuata juu walimuamini. Ni yeye pia alisimamia herufi za kila inchi, na kwa hiyo hakujichagulia, alifuata orodha ya kimataifa. Sisi tulikuwa .zr, Zaïre ilipobadilika jina mwaka wa 1997, tukapata.cd.

Mwezi wa kwanza 1998, aliomba wasimamizi wa ordinateri 8 zenye kuongoza majina ya intaneti wafuate ya kwake, si ile ya kampuni yenye mkataba na serikali. Wakakubali! Washington ilishtuka, na akarudisha kila kitu kama mbele.

Alikufa Los Angeles tarehe 16 Oktoba 1998, kisha operesheni ya moyo, akiwa na miaka 55. Shirika ICANN, lenye kurizi kazi yake, lilikuwa limeanzishwa majuma machache tu mbele.

Siku hizi ofisi nyingi zinafunga karibu milango yote. Ndiyo maana mwaka wa 2011 WebSocket, njia ya kuzungumza papo kwa papo ndani ya ukurasa, haikuomba mlango wake. Inabisha hodi kwa 80 ao 443 kama ukurasa wa kawaida, kisha ikisha kuingia, inaomba kubadilisha mazungumzo.