Ibnul-Haytham na Mto wa Nili

Neno muhali ni jepesi kinywani, lakini ni zito katika mizani ya elimu. Waliosoma tawhidi wanajua kwamba wanavyuoni wamelipambanua. Liko jambo ambalo akili yenyewe hailikubali kabisa, kama kitu kuwapo na kutokuwapo kwa wakati mmoja. Na liko ambalo ada tu ndiyo ilikataayo, kwa kuwa watu hawajapata kuliona likitendeka. Katika mazungumzo ya barazani haya mawili twayafunga mtumba mmoja. Ndipo tukaona yafaa kumkumbuka Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye alikutana na yote mawili, na moja lao nusura limtoe roho.

Alizaliwa Basra mwaka 965. Ibnul-Qifti, mwandishi wa tarehe aliyefariki mwaka 1248, ametuhadithia kwamba Ibnul-Haytham, akiwa bado kwao, alisikika akidai kuwa lau angalikuwa Misri angaliutengeneza mto wa Nili uwafae watu ujaapo na upunguapo. Dai hilo halikuwa dogo. Misri nzima ilikula kwa mafuriko ya mto ule: yakipungua, njaa, yakizidi, vijiji hugharikishwa.

Habari zikamfikia al-Hakim bi-Amrillah, Khalifa wa Kifatimi aliyetawala tangu 996 hata 1021. Mtawala huyu aliipenda elimu, lakini ghadhabu yake haikuwa na saa maalumu, na mawaziri wake kadhaa waliuawa kwa amri yake. Akamwita mgeni wake, akatoka nje ya mji kumlaki, kisha akampeleka kusini pamoja na mafundi na vyombo.

Njiani Ibnul-Haytham aliyaona majengo ya watu wa kale, jinsi yalivyopimwa na kusimamishwa kwa ustadi, na moyo wake ukaanza kupoa. Alijiambia kuwa waliojenga haya hawakukosa elimu wala mikono; lau jambo lenyewe lingekuwa la kufanyika, wasingeliacha. Alipofika Janadil, karibu na Aswan, penye majabali mtoni, aliyachungua maji pande zote, akaona kuwa hayashikiki. Akarejea Cairo amejaa haya, akaomba radhi.

Hoja zake zilikuwa mbili, na hazilingani. Ile ya pili, ya kuyapima maji kwa macho yake na kuyalinganisha na nguvu alizokuwa nazo, ni hoja ya mwanachuoni: hakuwa na saruji, wala chuma cha kutosha, wala mashine. Lakini ile ya kwanza, kwamba wazee hawakufanya basi halifanyiki, ni dhaifu mno, nayo ndiyo tuisikiayo sisi kila siku katika miji yetu, kwa mambo madogo kuliko Nili.

Khalifa alimpa kazi ya serikali, naye akaikubali kwa khofu, si kwa mapenzi. Hakuona pa kutokea ila kujifanya mwenda wazimu. Akafungiwa nyumbani mwake, mali yake ikawekwa mkononi mwa mwengine, mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Hapo akili ikamrudia! Akakaa karibu na msikiti wa al-Azhar, akipata riziki ya mwaka mzima, dinari 150, kwa kunakili vitabu vya Euclid na Ptolemy.

Na hao mabwana wawili aliokuwa akiwanakili ndio aliowapinga. Wao walishika kwamba jicho hutoa miale ikaenda kukigusa kitu. Ibnul-Haytham, katika Kitabul-Manadhir chenye sehemu saba, alionyesha kwamba nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, na kila taa ikatia doa lake ukutani. Akiifunika moja, doa lake peke yake hutoweka. Mtu aliyenyamazishwa na majengo ya wazee kule Aswan hakunyamazishwa na vitabu vyao. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572.

Ama mto, mwaka 1902 Waingereza walimaliza ukuta wa kuzuia maji pale pale penye majabali ya Aswan. Na kusini yake kidogo Wamisri wakajenga mwengine, tangu 1960 hata 1970, wenye kimo cha mita 111. Nili imeshikwa. Makumi ya maelfu ya Wanubi walihamishwa makwao maji yalipopanda, na tope lililokuwa likirutubisha mashamba sasa latuama nyuma ya ukuta.

Liko jambo jengine ambalo yeye aliliona lawezekana. Aliandika risala juu ya kuigeuza duara kuwa mraba wenye eneo sawasawa nayo. Alisema, na kwa haki, kwamba mraba huo upo, ijapokuwa hajapatikana wa kuijua njia ya kuuchora; kuwapo kwa kitu si sharti kijulikane. Aliahidi kuionyesha njia yenyewe. Alifariki Cairo yapata mwaka 1040, na ahadi ile haikutimia. Mwaka 1882 mwanahesabu wa Kijerumani, Ferdinand Lindemann, alithibitisha kwamba kwa bikari na rula mraba huo hauchoriki abadan, si kwa mashine wala kwa mali, wala kwa karne nyengine elfu za kungojea.