Giuseppe Occhialini

Giuseppe Occhialini (Fossombrone, Italia, 5 Desemba 1907 – Paris, Ufaransa, 30 Desemba 1993) alikuwa mwanafizikia kutoka Italia. Anajulikana kwa utafiti wake wa miali ya kosmiki. Jina lake la utani, Beppo, lilipewa setilaiti BeppoSAX, ambayo data zake zilipokewa Malindi, Kenya.

Maisha

Baba yake, Augusto, alikuwa pia mwanafizikia. Occhialini alihitimu Chuo Kikuu cha Firenze mwaka 1929. Mwaka 1931 alikwenda Cambridge, Uingereza, akafanya kazi na Patrick Blackett. Walibuni njia ya kufanya chembe yenyewe iwashe kamera inapopita kwenye chombo chenye mvuke, na mwaka 1933 walithibitisha kuwepo kwa positroni.

Mwaka 1937 alihamia São Paulo, Brazil. Brazil ilipoingia vitani dhidi ya Italia mwaka 1942, alihesabiwa kuwa raia wa nchi adui, akaishi katika milima ya Itatiaia kama kiongozi wa wapanda milima. Mwaka 1945 alifika Bristol, Uingereza. Huko, mwaka 1947, yeye na Cecil Powell, César Lattes na Hugh Muirhead waligundua chembe ya pioni.

Blackett alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948 na Powell mwaka 1950. Occhialini hakuipata kamwe. Alipokea Tuzo ya Wolf mwaka 1979. Kuanzia mwaka 1952 alifundisha Milano, alikosaidia kuanzisha utafiti wa anga-nje wa Ulaya.

BeppoSAX

Setilaiti hiyo ya Italia na Uholanzi ilirushwa tarehe 30 Aprili 1996. Ilizunguka karibu na ikweta, hivyo ilipita juu ya Malindi katika kila mzunguko na kutuma data zake kwenye kituo cha Waitalia kilichoko huko.

Wakati huo wanaastronomia walibishana kama milipuko ya mionzi ya gamma hutokea karibu na galaksi yetu au mbali sana. Tarehe 28 Februari 1997 BeppoSAX ilinasa mlipuko, na saa chache baadaye ikaona mng'ao wa eksirei uliobaki, hivyo darubini za duniani zikajua mahali pa kutazama. Baada ya mlipuko mwingine wa tarehe 8 Mei 1997, darubini ya Keck huko Hawaii ilipima jinsi nuru yake ilivyovutwa kuelekea rangi nyekundu kutokana na kupanuka kwa ulimwengu. Umbali ulikuwa mabilioni ya miakanuru.

BeppoSAX ilizimwa mwaka 2002 na kuanguka katika Bahari ya Pasifiki tarehe 29 Aprili 2003.